Shata Inaposhuka: Kisa cha Mtaa wa Oginga Odinga, Kisumu

Ijumaa moja, saa kumi na moja na nusu jioni, nilikuwa nimekaa kwenye veranda ya duka la vitambaa katika Mtaa wa Oginga Odinga, nikingoja fundi anipunguzie suruali. Jua lilikuwa bado na nguvu. Jua la jioni la Kisumu hukujia ubavuni kutoka upande wa ziwa kama mtu anayekudai. Nikaona fundi anautazama mlango wa duka kuliko anavyoitazama sindano.

"Mzee, hii nitakumalizia kesho," akasema.

"Kwani kuna nini? Umebaki mguu mmoja tu."

Akanionyesha kwa kidevu. Mwenye duka alikuwa ametoka nje na ule mchuma mrefu wenye ndoano, wa kuvutia shata, yaani mlango wa chuma unaokunjwa juu. "Akifunga na mashine iko nje, nitalala nayo hapa."

Fundi akakilaza kichwa cha cherehani ndani ya meza yake, akafunika. Mama wa njugu karanga aliyekaa jirani akamshikia upande wa pili, wakaiingiza meza ndani, ikapenya kati ya majora ya vitambaa. Mama akarudi kuchukua sinia lake na kigoda. Kijana wa M-Pesa akakunja mwavuli, nao ukaingia. Muuza viatu vya mtumba akafunga gunia lake, likaingia. Kila mmoja alimwachia mwenye duka neno la heri, na kwa kuwa ilikuwa Ijumaa, kitu kidogo cha kumshukuru kwa kuwahifadhia mali. Kisha shata ikashuka kwa kishindo, kufuli mbili zikabana chini, na pale palipokuwa na riziki za watu watano pakabaki sakafu tupu. Yote yalichukua kama dakika kumi, na saa kumi na mbili ilikuwa bado haijagonga.

Naandika kisa hiki kwa sababu ya dakika zile kumi. Kila pakizungumzwa jinsi ya kuufanya mtaa huu uwe wa watu kutembea, kula na kuburudika jioni, mazungumzo huanzia kwenye kabro, yale matofali ya kutandika njia, miti na viti vya kupumzikia. Huishia papo hapo pia, na picha nzuri ya kompyuta yenye watu warefu weupe wanaosukuma baiskeli. Sina ugomvi na kabro. Ila mtaa wenyewe ulinionyesha kwamba jioni yake hufungwa na mtu mmoja mwenye mchuma wenye ndoano, tena mtu huyo ana sababu zake.

Asiyeufahamu mtaa huu aanze na hili: ulijengwa na maduka. Reli kutoka Mombasa ilifika ziwani Desemba 1901, mahali palipoitwa Port Florence kwa jina la mke wa mhandisi Ronald Preston, na biashara ikafuata reli kama kawaida yake. Wafanyabiashara wa Kihindi wakajenga maduka yaliyopangana, ukuta kwa ukuta, kila moja likiwa na veranda yenye nguzo mbele na chumba au vyumba vya familia juu au nyuma. Mnara wa saa uliopo pale ni wa mwaka 1938, kumbukumbu ya mfanyabiashara wa jamii hiyohiyo. Nguzo zile wengi huziona kama pambo la kizamani, la kupigia picha za harusi. Mimi naziona kama kazi ya watu waliolijua jua la Kisumu. Ukiingia chini ya veranda saa nane mchana unapata kivuli mfululizo, duka hadi duka, na mvua ikinyesha unaweza kusogea umbali mrefu bila kulowa bega. Miti iliyopandwa kando ya barabara itachukua miaka mingi kufanya kazi hiyo.

Waliokaa juu walikuwa na faida nyingine ambayo hakuna mchoraji ramani anayeweza kuileta kwa saruji. Mtu akiishi juu ya duka lake, dirisha huwa na taa usiku, mtoto huchungulia, bibi hukohoa, na mwizi hujua kwamba ameonekana. Miaka ilivyosonga, familia zikahamia Milimani na kwingineko, na ghorofa zikawa ofisi, vyuo vya kompyuta, vyumba vya mawakili, maghala. Ofisi hufungwa saa kumi na moja. Ikifika saa moja usiku, juu kuna giza na chini kuna chuma.

Sasa yule mwenye duka. Ni rahisi kumlaumu kwamba hataki maendeleo, eti anawahi kwenda kula chapati. Lakini keti naye utaisikia hesabu yake. Machafuko ya baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 yaliuchoma na kuupora mji wa Kisumu, na maduka ya katikati ya mji yalikuwa mstari wa mbele. Tangu hapo, kila mwaka wa uchaguzi na kila wiki ya maandamano, shata hushuka mapema, na mkono ukishazoea kushusha mapema hauulizi tena kama leo kuna maandamano. Kisha likaja korona. Kafyu ilianza tarehe 27 Machi 2020 na haikuondolewa hadi Oktoba 2021. Saa zilibadilika mara kadhaa, lakini kwa zaidi ya mwaka na nusu dola yenyewe ilikuwa ikiwaambia watu wa Kenya kwamba usiku si wa kuwa nje. Mteja wa saa moja usiku akajifunza kununua saa tisa alasiri, au kununua mtaani kwake. Marufuku iliisha, mazoea yakabaki.

Kwa hiyo mwenye duka hufunga saa kumi na mbili kwa sababu hakuna mteja, na mteja haji saa kumi na mbili kwa sababu duka limefungwa. Katikati yao wamenaswa fundi, mama wa njugu, kijana wa M-Pesa na muuza viatu. Hawa wangeweza kuuza hadi saa tatu za usiku bila kumwomba mtu yeyote, ila hawana pa kuweka mali. Shata moja hufunga biashara tano, na nne kati ya hizo ndizo hasa zinazoweza kuupa mtaa uhai wa jioni. Hakuna anayetoka nyumbani usiku kwenda kununua jora la kitambaa cha sare. Lakini wa kununua njugu, viatu, chai ya rangi na mahindi ya kuchoma yupo.

Tuwe wa haki: kazi imefanyika. Kisumu ilipandishwa hadhi kuwa jiji mwaka 2001, na kwa muda mrefu jina hilo lilikaa kwenye karatasi tu. Baadaye ukaja mradi uliofadhiliwa na shirika la maendeleo la Ufaransa, AFD, ukagusa masoko, taka na njia za waenda kwa miguu. Ukaja na Africities, mkutano wa miji ya Afrika, wa Mei 2022, ambao kwa mara ya kwanza ulikwenda kwenye mji wa ukubwa wa kati, na kila aliyekuwa na brashi ya rangi akaitwa kazini. Leo sehemu kubwa ya katikati ya mji ina njia pana za kabro. Mama aliyebeba mtoto mgongoni na mzigo kichwani hapiti tena katikati ya magari. Mwenye kiti cha magurudumu anapata mteremko wa kushukia. Mchana nautembea mtaa huu kwa raha ambayo miaka kumi na mitano iliyopita sikuwa nayo, na sitaki mtu yeyote asome maneno yangu kama dharau kwa kazi hiyo.

Tatizo ni kwamba njia za miguu ziliwekwa pamoja na taa za barabarani, na hesabu ya taa ikasahau veranda za nguzo. Mtu asiyetembea usiku hawezi kuligundua hili, kwa hiyo nitalieleza polepole. Taa ya barabarani iko juu. Mulika mwizi, ile taa ya mlingoti mrefu, iko juu zaidi. Zote humwaga mwanga juu ya lami na juu ya mabati ya veranda. Lakini watu hawatembei juu ya mabati. Mtembea kwa miguu wa Kisumu, kwa mazoea ya mchana, hupita chini ya veranda, na huko mwanga wa juu hauingii. Kadiri taa ya nje inavyowaka kwa ukali, ndivyo kivuli cha ndani kinavyozidi kuwa cheusi. Usiku ule wa Ijumaa nilirudi saa mbili kujaribu. Katikati ya barabara ningeweza kusoma gazeti. Hatua tatu kando, chini ya veranda ileile nilikokuwa nimekaa jioni, sikuona kama yule aliyelala kwenye maboksi alikuwa mtu mmoja au wawili. Mwanamke aliyekuwa akija mbele yangu alipofika kwenye nguzo ya kwanza alitoka, akatembea kwenye lami na magari, akarudi ndani alipoipita nguzo ya mwisho. Hakuna aliyemfundisha kufanya hivyo.

Dawa ya hili ni balbu. Balbu ya LED ya wati 9, ikiwaka saa tano kila usiku kwa siku 30, hutumia uniti moja na theluthi hivi ya umeme. Hata ukihesabu uniti kwa shilingi 30, ni shilingi 40 na senti kwa mwezi, bei ya maandazi manne. Ila jaribu kuuliza ni nani anayepaswa kuilipia. Mwenye duka atakwambia veranda ni njia ya umma, kwa hiyo ni ya kaunti. Mtu wa kaunti atakwambia nguzo na paa ni vya jengo la mtu binafsi. Mwenye jengo anaishi London au Leicester, na ajenti wake anasema tokeni za umeme ni juu ya mpangaji. Mwaka unaisha na balbu ya shilingi 40 haijawaka. Miradi ya mamilioni imekamilika katika mtaa huohuo kwa sababu ilikuwa na mwenyewe.

Kuna jambo la pili lililoupunguzia mtaa huu jioni, nalo halionekani ukiwa mtaani kwenyewe kwa sababu liko chini, ufukweni. Palikuwa na Lwang'ni. Kwa Kijaluo jina lenyewe ni nzi, na bado hakuna mgeni aliyekuja Kisumu akaondoka bila kupelekwa pale: vibanda vya mabati, meza ndefu, samaki anachaguliwa akiwa mbichi, anapigwa mistari kwa kisu, anatumbukizwa kwenye mafuta, kisha analetwa mzima na ugali, mboga za osuga na kachumbari, na unanawa mikono kwa birika. Watu waliteremka mjini kwenda kula, wakapanda tena mjini wakishashiba, na katika kuteremka na kupanda wakanunua hiki na kile. Bandari ilipokuwa ikifufuliwa, vibanda vile vilibomolewa. Bandari ilihitajika, sibishani na hilo. Lakini kipindi kilekile tulichokuwa tukijenga njia za kutembea, tuliondoa mahali pa kwendea. Leo anayetaka samaki wa jioni anapanda tuktuk kwenda Dunga, na anayetaka muziki anakwenda Kondele, Nyamasaria au Mamboleo. Starehe ya Kisumu ni nyingi mno, iko tu kila mahali isipokuwa kwenye mtaa tunaotaka uwe nayo.

Hapa ndipo wengi hutaja miji ya ng'ambo. Nitautaja mmoja kisha nirudi nyumbani. Chicago, mwaka 1979, waliufunga mtaa wao mashuhuri wa maduka, State Street, usipitishe magari ya watu binafsi, wakaacha mabasi tu na kupanua njia za miguu. Njia zikawa pana hadi watu waliokuwepo wakaonekana wachache, na mahali panapoonekana patupu hukimbiwa. Mwaka 1996 magari yakarudishwa. Luthuli Avenue ya Nairobi ilipunguziwa magari mwaka 2019, ikawa ya kwenda upande mmoja, ikapewa viti na miti, na watu wakaifurahia. Ila ile nafasi iliyoachwa wazi haikupewa mtu wa kuisimamia kila siku, na waliopita pale baadaye wamekuta pikipiki na mikokoteni ikijipimia yenyewe.

Mfano ninaouamini zaidi uko Unguja. Bustani ya Forodhani ilikarabatiwa na taasisi ya Aga Khan, ikafunguliwa tena mwaka 2009. Ukifika pale saa sita mchana utauliza kama ndiyo hii inayosifiwa dunia nzima: watoto wawili, paka, na bahari. Rudi baada ya magharibi. Meza zimepangwa, taa zimening'inizwa, mishikaki iko motoni, muuza urojo anamimina, muwa unakamuliwa kwa ndimu na tangawizi. Wapishi wale hawaachi meza pale mchana kutwa. Wanazileta jua likizama na kuziondoa usiku, na kila mmoja anajua nafasi yake na jirani yake wa kushoto ni nani. Bustani ile haikujaribu kuwa na watu saa zote. Ilichagua saa zake.

Kisumu ina bahati moja katika jambo hilo. Tuko karibu kabisa na mstari wa ikweta, na jua huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja kasoro, Januari mpaka Desemba. Ulaya mtaa wa jioni una msimu, sisi tuna mwaka mzima. Joto linapungua wakati uleule kila siku, na watu hutamani kutoka nje wakati uleule kila siku. Ratiba inayosema saa kumi na moja hadi saa nne za usiku haitahitaji kubadilishwa hata mara moja.

Mkosi wetu ni mvua. Mvua ya Kisumu hupenda kuja alasiri na jioni, tena kwa radi, na msimu wa Machi hadi Mei haina adabu kabisa. Mipango mingi ya mitaa ya burudani niliyoiona ikichorwa huweka viti katikati ya barabara chini ya miavuli ya rangirangi. Mwavuli wa aina hiyo mbele ya upepo wa ziwa ni tanga. Viti viwekwe chini ya veranda, ambako wazee walishaezeka tayari, na majiko yakae nje kwenye lami, mbali na maduka yenye majora ya nailoni. Mvua ikija, mpishi ndiye atakayehitaji turubai. Mlaji hahitaji hata kusogeza kijiko.

Ningepewa nafasi ya kujaribu, nisingefunga mtaa wote wala nisingeufunga daima. Ningechukua kipande kimoja, kati ya njia panda mbili, jioni za Ijumaa na Jumamosi tu. Malori ya kushusha mizigo yangeingia asubuhi kama kawaida, maana mwenye duka la vifaa vya ujenzi hawezi kuambiwa abebe saruji mgongoni kwa ajili ya burudani ya watu. Kaunti isingepoteza mapato ya maegesho, kwa sababu ada hiyo hukusanywa mchana, na saa kumi na mbili jioni wakusanyaji wameshavua jaketi zao. Huwa nashangaa hoja hii ya maegesho inapotolewa kwa sauti kubwa mikutanoni, wakati saa inayozungumziwa hakuna anayelipa chochote.

Kitu cha kwanza ambacho ningenunua kwa pesa ya mradi ni stoo. Kontena moja kuukuu, lililopakwa rangi, lenye vyumba vya kufuli vya kukodi kwa wiki, na mlinzi wa usiku. Cherehani iingie humo, sinia liingie humo, mwavuli wa M-Pesa uingie humo, na mwenye duka la vitambaa ashushe shata yake saa anayotaka bila kumfungia mtu mwingine riziki. Najua kontena halina mvuto kwenye sherehe ya kukata utepe. Lakini ndilo linalotenganisha saa ya mwenye duka na saa ya wengine, na bila hilo taa zote zitamulika sakafu tupu.

Cha pili ni balbu za veranda, kwenye mita moja ya kaunti, ili lile swali la nani anayelipa life. Cha tatu ni choo. Vyoo vya kulipia vya mjini vingi hufungwa mapema, na ukitaka kujua kama mtaa wa jioni ulifikiriwa na wanaume peke yao, uliza choo kinafungwa saa ngapi. Familia hukaa mahali muda ule ambao mtoto anaweza kuvumilia. Kwa shilingi 10, na taa, na mama wa kuangalia mlango, mtaa unapata saa mbili zaidi za kila familia.

Halafu kuna kufika na kurudi, jambo ambalo huku magharibi tuna haki ya kulizungumzia kwa kiburi kidogo, maana boda boda yenyewe ilizaliwa hapa, kwenye mpaka wa Busia, na baiskeli za kuvusha watu. Mtu wa Kisumu haji mjini jioni kwa gari lake, anakuja kwa tuktuk, kwa boda au kwa miguu. Ukifukuza boda na tuktuk mpaka mbali, umemfukuza dada anayefanya hesabu ya kurudi Manyatta saa tatu za usiku kabla hajaamua kama atatoka. Steji ziwe mbili, kila mwisho wa kipande kilichofungwa, chini ya taa, zenye mwenyekiti anayejulikana na madereva waliovaa reflekta zenye namba. Steji iliyo karibu inamweka mteja mtaani muda mrefu zaidi, kwa sababu anajua atatoka vipi.

Pombe nimeiacha mwisho makusudi. Sheria ya mwaka 2010, ile tuliyoizoea kama sheria ya Mututho kwa jina la mbunge aliyeipeleka bungeni, iliweka baa zifunguliwe saa kumi na moja jioni hadi saa tano za usiku siku za kazi, na saa nane mchana mwisho wa wiki, na leseni sasa ziko mikononi mwa kaunti. Kwa hiyo njia rahisi ya kuleta watu usiku ni kugawa leseni. Itafanya kazi kwa miezi mitatu. Spika zitaanza kushindana, ohangla ya Kijaluo huku, rumba kule, na kila mwenye baa ataongeza sauti ili asimezwe na jirani. Wa kwanza kuondoka atakuwa yule mama aliyekuja na watoto, na akiondoka yeye, mpishi wa samaki anamfuata. Baa zilizopo zibaki zilipo. Mwaka wa kwanza mtaani paletwe nyatiti yenye nyuzi zake nane, na orutu yenye mmoja, vyombo ambavyo mtu mmoja anaweza kuvipiga chini ya veranda na wa duka la tatu akaendelea kuzungumza. Pawekwe meza za drafti. Tena tusisahau kwamba burudani kuu ya mji huu ni siasa, na haihitaji umeme. Wape wazee wa bunge la wananchi, wale wanaokutana mitaani kujadili siasa, benchi nne na taa moja, uone kama utawatoa.

Kuna hofu moja ambayo sina jibu lake zuri. Mtaa ukichangamka, kodi itapanda, na wa kwanza kusukumwa atakuwa huyu fundi aliyenifanya niandike. Anakaa pale kwa hisani tu, hana mkataba. Jina la mtu likiandikwa kwenye orodha ya wenye nafasi, na orodha ikabandikwa ukutani ambapo kila mtu anaisoma, si rahisi kuamka siku moja ukute nafasi yako ina mwingine. Huo ni ulinzi mdogo. Ajenti wa jengo akiamua kuiweka veranda meza za mkahawa wa bei kubwa, orodha ya ukutani itakuwa karatasi tu, na hapo bodi ya jiji itabidi ichague upande. Afadhali ichague kabla ya balbu ya kwanza kuwashwa kuliko baadaye.

Suruali niliirudia Jumamosi saa nne asubuhi. Fundi alikuwa ameshatoa mashine, mama wa njugu ameshawasha jiko. Nilipokuwa nalipa nikamwuliza kama angekubali kushona mpaka saa tatu za usiku siku za Ijumaa, mtaa ukiwa na watu. Akakata uzi kwa meno kabla ya kujibu.

"Nikipata pa kuweka mashine, hata saa nne. Ijumaa ndiyo watu wamelipwa." Akaitazama dari ya veranda, pale palipokuwa na soketi ya balbu iliyoota kutu. "Lakini mzee, stima nitavuta kwa nani?"